Mwayo Hupita Penye Macho

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mji wa Kyarumba, huku kwetu magharibi mwa Uganda, haujaamka sawasawa. Unasikia mto Nyamugasani kuliko unavyosikia watu. Taksi ya kwanza ya kushuka Kasese imewasha taa za ndani, inangoja ijae. Kondakta ameegemea mlango akitutazama abiria wake; usiku alilala kidogo, na uso unamsema. Akafungua kinywa, akavuta pumzi ndefu, machozi yakamlenga.

Mama aliyeketi mbele yangu na kikapu chake akaupokea mwayo ule. Mzee wa koti jeusi, pembeni yake, akaupokea kwa mama. Mimi nikaubana kwa meno, nikashindwa. Dereva alikuwa ametupa mgongo, lakini alituona kwenye kioo chake cha juu. Naye akapiga mwayo mrefu kuliko sisi sote. Mzee akacheka: "Kondakta, wewe umetugawia usingizi hata kabla hujatutoza nauli."

Wawili tu ndio hawakupata mgao. Wa kwanza ni mtoto wa miaka kama miwili, aliyekaa mapajani mwa mama akimkodolea usoni bila kupepesa. Wa pili ni kijana wa dirishani, aliyeinamia simu yake. Miaka yote niliyosoma na kufundisha habari za ubongo, nimeona kwamba wanaopiga miayo hutueleza machache. Wasiopiga ndio wanaotufundisha. Kwa hiyo safu hii naiandika kwa ajili ya hao wawili.

Si njaa ya hewa

Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini tunapiga miayo, atakujibu kwamba mwili umepungukiwa na hewa safi. Maelezo hayo yamo vichwani mwa wasomi na wasiosoma, na ni ya zamani. Yalipimwa, yakaanguka. Mwaka 1987 Robert Provine, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, Marekani, alitangaza matokeo ya jaribio alilofanya na wenzake. Waliwavutisha wanafunzi oksijeni tupu, kisha wakawavutisha hewa iliyochanganywa kabonidayoksaidi kwa asilimia 3 hadi 5, kiwango kikubwa mno kuliko cha hewa ya kawaida. Kabonidayoksaidi iliwafanya wanafunzi wahemeheme, lakini miayo haikuongezeka. Oksijeni tupu nayo haikuipunguza. Walipofanyishwa mazoezi ya mwili, pumzi ilikwenda mbio na miayo ikabaki vilevile.

Ushahidi mwingine uko tumboni mwa mama. Mashine za kupiga picha za mimba zimeonyesha vijusi wakipiga miayo mwishoni mwa mwezi wa tatu wa mimba, mahali ambapo hakuna hewa ya kuvuta hata chembe. Anayepiga mwayo ndani ya maji hatafuti oksijeni.

Mtambo wa zamani

Mwayo mmoja wa mtu mzima huchukua sekunde 6 hivi. Taya hushuka, koo hupanuka, pumzi huingia kwa kina, misuli ya uso na shingo hukazana, kisha hewa hutolewa kwa mkupuo mfupi. Ukishaanza huukatizi katikati. Unaweza kuuficha kwa kiganja au kuufunga midomo, lakini ndani lazima umalize safari yake.

Amri yake haitoki katika sehemu ya ubongo tunayoitumia kukata shauri. Hutoka chini, katika haipothalamasi, kiungo kidogo kilicho kitovuni mwa ubongo ambacho husimamia njaa, kiu, joto la mwili na usingizi. Hapo, kemikali kama dopamini na oksitosini huamsha neva zinazoshuka hadi shina la ubongo, na shina hilo ndilo linaloitikisa misuli ya taya, koo na kifua kwa pamoja.

Kuna jambo moja la hospitalini linalodhihirisha haya kuliko maabara yoyote. Baadhi ya watu waliopooza mkono kwa kiharusi hawawezi kuuinua hata wajitahidi vipi. Lakini wakipiga mwayo, mkono ule uliolala huinuka wenyewe, kisha mwayo ukiisha hurudi ukalala. Jamaa waliokaa kitandani hudhani ni muujiza, au kwamba mgonjwa alikuwa akijisingizia. Hapana. Barabara ya hiari kutoka juu ya ubongo imekatika, lakini njia ya chini, ya kale, bado inapitika.

Njia hiyo hatuna peke yetu. Samaki, ndege, nyoka, paka, viboko wa Ziwa George: wanyama wengi wenye uti wa mgongo hufanya kitu kinachofanana na mwayo. Kuambukizana, hata hivyo, kumeonekana kwa wachache sana, wakiwemo binadamu, sokwe, simba na baadhi ya nyani. Tunashughulika basi na mambo mawili yaliyopandana. La chini ni mwayo wenyewe, mkongwe kama mifupa. La juu ni uambukizaji, jambo la wanyama wanaoishi wakitazamana.

Jogoo wa jirani

Mwayo wa kondakta ulifikaje kwangu? Provine alijaribu kuligawa swali hilo vipande. Aliwaonyesha watu picha za video za nyuso zinazopiga miayo, mara nyingine ameziba kinywa. Ungetarajia uambukizaji ukome, maana kinywa ndicho tunachodhani ni mwayo. Haukukoma. Kinywa kilichoachama peke yake, bila macho na mashavu, ndicho kilichokuwa dhaifu. Macho yanayofumba na mashavu yanayojikunja yalitosha kubeba ujumbe. Hata sauti ya mwayo inatosha, hata kusoma habari zake. Ubongo haunakili umbo la mdomo; unatambua tukio zima.

Miaka ya mwanzo ya karne hii wengi walitamani kufunga kesi kwa kutaja seli za kioo. Hizi ni neva zilizogunduliwa kwa tumbili na kundi la Giacomo Rizzolatti huko Parma, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huwaka mnyama anapotenda jambo, na huwaka pia anapomwona mwenzake akilitenda. Jibu lilionekana limejileta: nakuona ukipiga mwayo, seli zangu zinakuiga, nami napiga. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Helsinki, Ufini, waliwaingiza watu katika mashine ya kuchungulia ubongo na kuwaonyesha miayo pamoja na michezo mingine ya mdomo. Eneo la kuiga halikuushughulikia mwayo kuliko michezo ile mingine. Kilichowaka zaidi ni mfereji wa ubavuni mwa ubongo, juu ya sikio, unaosoma mienendo ya nyuso na miili ya wengine. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani wakaonyesha sehemu ya chini ya paji la ubongo, inayohusika na hisia za kijamii. Mwaka 2013 kundi la Uswisi likaona tena dalili za seli za kioo upande wa kulia. Wataalamu hawajakubaliana.

Mimi naegemea upande wa Helsinki, na sababu yangu inafugwa katika kila boma la huku kwetu Bukonzo. Jogoo mmoja akiwika Kyarumba, wa jirani huitikia, na wa ng'ambo ya mto, hadi mlima mzima unawika. Jogoo wa jirani hakumfundisha jogoo wako kuwika. Hakumwazima sauti pia. Amemkumbusha tu, na kila mmoja anawika kwa koo lake. Kuiga ni mtoto anayejifunza kushika jembe kwa kumtazama baba yake. Umbo la tendo hutoka kwa mwingine. Mwayo umbo lake unalo tangu tumboni. Uso wa mwenzako unaufungulia mlango tu.

Mlango huo una mlinzi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, waliwaonyesha watu wazima 36 video za miayo na kuwaagiza, kwa zamu, wajiachie au wajizuie. Waliojizuia walipunguza miayo mizima, lakini miayo ya nusunusu, iliyomezwa, iliongezeka, na hamu yenyewe ikawapanda. Watafiti walipopima gamba la ubongo linaloendesha misuli kwa mipigo ya sumaku, waligundua kwamba wepesi wake wa kusisimka, ambao hutofautiana kati ya mtu na mtu, ulieleza karibu nusu ya tofauti ya miayo baina yao.

Waislamu wa Bwera, kama wa Lamu na Unguja, hufundishwa tangu utotoni kuuzuia mwayo kadiri wawezavyo na kuufunika kwa mkono. Agizo hilo lina busara: kadiri uwezavyo. Breki ipo, ila haikabi sawasawa. Ndiyo maana mwayo unaokujia msibani, wakati kila mtu amenyamaza, huwa mchungu kuliko wote.

Huruma au macho?

Sasa turudi kwa kijana wa simu. Ukisoma magazeti ya dunia utaambiwa kwamba asiyeambukizwa mwayo hana huruma, na wengine watafika mbali zaidi wamwite katili. Dai hilo lina mzizi wa kweli. Mwaka 2011 Ivan Norscia na Elisabetta Palagi wa Pisa, Italia, walichapisha kazi waliyoifanya kwa uvumilivu mkubwa: waliwatazama watu wazima 109 katika maisha ya kila siku, huko Italia na Madagascar, kazini, mezani, safarini, wakaandika miayo 480 na nani aliiitikia. Nchi haikuleta tofauti, wala jinsia. Kilicholeta tofauti ni ukaribu. Ndugu waliambukizana zaidi, kisha marafiki, kisha wanaojuana kwa sura; wageni wakawa wa mwisho. Wenye ukaribu waliitikia upesi zaidi pia.

Sokwe nao vivyo hivyo. Matthew Campbell na Frans de Waal, mwaka huohuo wa 2011, waliwaonyesha sokwe 23 wa kituo kimoja cha utafiti Marekani video za miayo. Sokwe waliambukizwa zaidi na wa kundi lao kuliko na wageni. Hao ni ndugu wa damu wa sokwe wanaopiga kelele kule bonde la Kyambura, upande wa pili wa mbuga yetu ya Queen Elizabeth.

Lakini kutoka hapo hadi kumhukumu mtu ni kuruka mto bila daraja. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 328 kwa video ya dakika 3. Watu 222 walipiga mwayo angalau mmoja. Vipimo vya huruma havikueleza nani alipiga na nani hakupiga. Umri ndio ulioeleza kidogo, asilimia 8 tu, kwa kuwa wazee waliambukizwa pungufu. Na mwaka 2013 huko Japani, watoto wenye usonji, ambao tafiti za awali zilisema hawapokei miayo, walipimwa upya kwa namna iliyohakikisha kwamba macho yao yametua kwenye uso wa anayepiga mwayo. Tofauti kati yao na watoto wengine ikatoweka. Hawakuwa wamepungukiwa na moyo. Walikuwa hawatazami nyuso, basi.

Hapa ndipo ninaposimama: mwayo hupita penye macho. Ndugu huambukizana kwanza kwa sababu macho yetu hukaa kwa ndugu. Mama huusoma uso wa mwanawe bila kujua kwamba anausoma, na mke husikia mumewe akivuta pumzi hata kiza kikiwa kimetanda. Uso wa mgeni tunaupitia juujuu kama kibao cha barabarani. Huruma inaweza kuwa ndiyo iliyoyapeleka macho huko, na siidharau, lakini mwayo haupimi huruma yenyewe. Unapima mahali umakini ulipotua. Dereva wetu hakuwa ndugu yetu, wala hakuwa rafiki. Kazi yake ilimlazimu atutazame kwenye kioo, na kutazama kukatosha. Kijana wa dirishani hakuwa na kioo wala uso mbele yake. Alikuwa na simu.

Na mtoto je? Yeye alitazama kuliko sote, na bado hakupokea. Watoto wadogo hupiga miayo yao wenyewe kwa wingi, ila uambukizaji huanza kuonekana wakifika miaka 4 au 5. Umri huohuo ndio wanaoanza kuelewa kwamba mtu mwingine anajua na anataka mambo tofauti na wao. Macho ni njia, lakini kuna kijiji mwishoni mwa njia, na kijiji cha mtoto yule kilikuwa kingali kinajengwa.

Wa nini, basi?

Jambo lisilo na kazi ni nadra kudumu katika viumbe wengi hivi. Andrew Gallup wa Marekani anashikilia kwamba mwayo hupoza ubongo: kutanua taya husukuma damu kichwani, na pumzi ndefu huingiza hewa baridi. Mwaka 2007 yeye na mwenzake waliwawekea watu mfuko wa baridi kipajini wakitazama video za miayo. Asilimia 9 tu walipiga. Wale wa mfuko wa vuguvugu au wa kawaida, asilimia 41. Baadaye akawauliza wapita njia wa Tucson, Arizona. Majira ya baridi, hewa ikiwa nyuzi 22 hivi, asilimia 45 waliambukizwa. Majira ya joto, nyuzi 37, wakashuka hadi 24. Hewa ya nje ikiwa ya moto kama damu, kuivuta hakukupozi. Kwa kanuni hiyo, ubaridi wa alfajiri wa Kyarumba ni rafiki wa miayo kuliko jua la saa nane la mjini Kasese. Wapo wataalamu wanaoona ushahidi huo bado mwembamba, nami sijauweka mezani kama amri.

Kinachonivutia zaidi ni kazi ya pili. Mwaka 2021 Gallup na Kaitlyn Meyers waliwapima watu 38 wakitafuta picha za nyoka zilizochanganywa na picha nyingine. Waliotoka kutazama miayo waliwaona nyoka upesi zaidi. Mwaka huohuo Waitaliano waliowachunguza simba wa Afrika Kusini waliripoti kwamba simba aliyeambukizwa mwayo na mwenzake alikuwa na uwezekano mara 11 zaidi wa kufanya kama mwenzake: akisimama, husimama, na akilala, hulala. Simba wa Ishasha, wanaojulikana kwa kupanda mitini, hawajapimwa kwa namna hiyo, lakini aliyewaona wakishuka mmoja baada ya mwingine jioni hatashangaa.

Tazama sasa mwayo kwa jicho hilo. Mmoja katika kundi akianza kusinzia, macho ya kundi yamepungua jozi moja. Mwayo wake huwafikia wanaomtazama, nao hushtuka kidogo ili kuziba pengo. Kwa wazee waliokesha wakilinda mashamba dhidi ya wanyama wa porini, hilo halikuwa jambo dogo.

Kicheko cha Kashasha

Kuna anayedhani kila kinachopita kutoka mtu hadi mtu ni kitu kimoja. Ng'ambo ya kusini ya mpaka wetu kuna mfano wa kumrekebisha. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana 3 wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kuacha. Ilipofika tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameathirika, na shule ikafungwa. Wasichana walirudi makwao, na katika kijiji cha Nshamba watu 217 wakapata hali hiyo. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala kijidudu. Walimu hawakuguswa, na hakuna aliyekufa.

Kicheko hicho kilipita penye macho kama mwayo, lakini tofauti ni kubwa. Kila kilipompata mtu kilidumu saa hata siku, kikachagua wasichana wa bweni waliokuwa chini ya shinikizo, na kikafuata udugu na woga. Mwayo hauhitaji mateso. Hupita kwa sekunde, ukamwacha mtu alivyokuwa. Kashasha ilionyesha mlango uleule ukipitisha mzigo mzito, kwa sababu nyumba ilikuwa tayari imejaa moshi.

Tuyafanyie nini

Mwalimu anayeona darasa zima linapiga miayo asihesabu matusi. Ahesabu kwamba walikuwa wakitazamana, na pengine mmoja tu ndiye aliyelala vibaya. Mzazi ambaye mwanawe hapokei miayo asimtafutie ugonjwa kwa kipimo hicho. Na abiria, sikiliza: mwayo mmoja wa dereva unaofuata wa kondakta ni mchezo wa ubongo, lakini dereva anayepiga miayo mfululizo, bila kutazama uso wa mtu, hakuambukizwa. Ana usingizi wake mwenyewe. Mwambie asimame, hata kama nyote mmechelewa.

Wa kwetu hakuwa hivyo. Alituteremsha taratibu, jua likachomoza, na tulipokaribia mstari wa ikweta pale Kikorongo, mama aligeuka kumuuliza kijana saa ngapi. Kijana akainua uso kutoka kwenye simu. Mama, kabla hajamaliza swali, akapiga mwayo. Kijana akamtazama, akasita, kisha taya zake zikaachama.

"Haya," mzee akasema, "huyu naye sasa amelipa."